Mstari wa 515: Maisha ya Dada Yetu, Mama Chupa

Ndugu, jamaa na majirani. Dada yetu aliacha agizo moja tu kuhusu maneno haya. Alisema, "Andikeni mnachokijua. Msichokijua, acheni wazi. Mkinipamba nitawasikia." Mimi ni kitindamimba wa nyumba yetu, na kazi ya kuandika na kusoma nimepewa mimi. Nimejitahidi kutii. Aliyekuja kusikia kwamba marehemu hakuwa na kasoro, wasifu huu utamchosha.

Alizaliwa mwezi Machi mwaka 1957, mtoto wa pili kati ya wanne. Kadi ya zahanati inasema tarehe 4. Mama yetu, ambaye ndiye aliyekuwa na uchungu, alisema siku zote kwamba ni tarehe 6. Marehemu alitaka zote mbili ziandikwe, na zimeandikwa. Baba alikuwa mlinzi wa ghala na mama alikuwa fundi cherehani. Tuliishi vyumba viwili katika mtaa wa nyuma ya soko, cherehani ikiwa dirishani, na chini ya meza ya cherehani ndipo dada alipokulia. Kazi yake ilikuwa kutenga vifungo. Wengine wangevitenga kwa rangi. Yeye alivitenga kwa rangi, kisha kwa ukubwa, kisha kwa idadi ya matundu, na mama akichukua kimoja bila kusema, jioni aliulizwa kiko wapi.

Alisoma shule ya msingi ya mtaa wetu kuanzia mwaka 1964 hadi 1970. Dada akiwa darasa la sita, mwalimu wa sayansi alileta hadubini, nayo ilikuwa moja kwa darasa zima. Aliweka chini yake tone la maji kutoka kwenye chombo cha maua ya mwalimu mkuu, akawapanga foleni. Zamu ya dada ilipofika, foleni ilisimama.

"Toka, wenzako wanangoja," mwalimu akamwambia.

"Mwalimu, bado wanatembea."

"Nani wanatembea?"

"Sijui majina yao. Ila wako kumi na saba."

Alichapwa kidogo kwa kuchelewesha wenzake, na alistahili. Lakini mwalimu naye baadaye alirudi peke yake darasani akahesabu. Hilo mwalimu alilisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye. Dada alisoma sekondari mwaka 1971 hadi 1974, akakaa nyumbani miaka mitatu akimsaidia mama kushona, kisha akaingia chuo cha mafundi sanifu wa maabara, alikohitimu mwaka 1980.

Tarehe 1 Julai 1981 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa ziwa. Ziwa hilo mnalijua. Liko pale ufukweni, limetengwa na bahari kwa ukingo wa mchanga, na maji yake si matamu wala si ya bahari kamili. Ladha yake ni ya maji yaliyotiwa chumvi na mtu mwenye mkono mzito. Kazi aliyopewa ilikuwa hii: kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa moja na nusu asubuhi, aende na mashua hadi kwenye nguzo ya tatu katikati ya ziwa, ateke maji, ayatie kwenye chupa pamoja na matone ya iodini ili yasioze, kisha ahesabu chini ya hadubini vijimea vilivyomo.

Vijimea hivyo ni mimea ya majini, midogo kiasi kwamba elfu nyingi zinaenea kwenye kijiko. Wengi wetu tuliishi kando ya ziwa maisha yote bila kujua kwamba vipo. Samaki wadogo wanavila, samaki wakubwa wanawala wadogo, chaza wanavichuja majini, na sisi tunawala wote hao. Dada alisema ziwa lina zamu kama wodi ya hospitali. Mvua kubwa zikinyesha, mto hufurika na kuvunja ukingo wa mchanga, maji hupoteza chumvi, na zamu hushikwa na wale wa kijani waliokuja na mto. Tope likishatulia, huja wale wenye ganda la kioo, nao hujaa hadi ziwa likawa rangi ya kahawia. Kiangazi kikikaza, mchanga huziba mlango wa kwenda baharini, chumvi huongezeka, maji hulala, na hapo ndipo wanapotokea wenye mikia, ambao huogelea wenyewe kufuata jua. Na joto likipita kiasi, huelea utando wa kijani-buluu wenye harufu tunayoijua sote. Kisha mvua hurudi, na zamu zinaanza upya.

"Hakuna anayekufa akaisha," alituambia siku moja tulipomtembelea kazini. "Mnadhani wameondoka, kumbe wamelala kwenye tope chini wakisubiri zamu yao."

Kila mwezi ulikuwa na mstari mmoja katika daftari kubwa lenye jalada jeusi. Mstari wa kwanza ni wa tarehe 5 Agosti 1981. Watoto wa mtaani walimwona akirudi na kreti ya chupa, wakamwita Mama Chupa kabla hajawa mama wa mtu. Hakukasirika. Alisema, "Angalau wameona ninachobeba."

Mstari wa 31 hauna hesabu, na sababu yake inahusu ndoa yake.

Sinki la maabara lilikuwa likivuja. Tarehe 7 Februari 1984, siku ya Jumanne, aliitwa fundi bomba. Siku hizo rafu ilikuwa inapakwa rangi na chupa zimewekwa kwa muda chini ya sinki. Maji yenye iodini yana rangi ya chai ya rangi. Fundi, kwa nia njema kabisa, aliona chupa iliyo karibu, akaifungua, akaimwaga, akaisuuza vizuri na kuiweka ikauke. Dada akaingia.

"Chupa iliyokuwa hapa iko wapi?"

"Ile ya chai? Nimekusuuzia, dada. Ilishaharibika, ilikuwa na vitu vinaelea."

"Vitu gani?"

"Sijui. Uchafu uchafu tu."

"Huo uchafu ndio ulikuwa mwezi wa Februari."

Mkuu wa kituo wa wakati huo alimshauri arudi ziwani siku hiyo hiyo, ateke maji mengine na kuandika tarehe 1, yaani Jumatano iliyopita. Dada alikataa. Alimwambia, "Mvua ya Jumapili imeshapita humo. Hilo ni ziwa jingine." Akafungua daftari na kuandika, mbele ya mkuu na mbele ya fundi: "Hakuna hesabu. Chupa imemwagwa na fundi bomba." Nimeona mstari huo kwa macho yangu. Mwandiko umetulia, ila kalamu imekandamizwa mpaka imetoboa karatasi.

Jumatano ya kwanza ya Machi alipofika kwenye mashua, alimkuta fundi amesimama pale.

"Nimekuja kurudisha Februari," akasema.

"Februari hairudi."

"Basi nipe niibebe Machi."

Aliibeba Machi, na Aprili, na miezi iliyofuata. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1985, wakajaliwa watoto watatu: binti ambaye sasa ni muuguzi, kijana ambaye ni fundi umeme, na binti wa mwisho, mwalimu wa shule ya msingi. Shemeji yetu hakuruhusiwa kugusa chupa iliyofunguliwa kwa miaka miwili ya kwanza ya ndoa. Alikubali. Mume wa kukubali jambo kama hilo bila kununa ni wa kuheshimiwa.

Sasa niseme makosa, maana aliagiza yasemwe.

Mwaka 1990 kituo kilikuwa na haraka ya ripoti. Maji ya kuhesabiwa humiminwa kwenye mrija wa kioo na kuachwa siku nzima na usiku wake ili kila kijimea kizame hadi chini. Dada alikubali kusukumwa, akawa anayaacha tangu asubuhi hadi alasiri tu. Wazito walizama. Wadogo kuliko wote walibaki wakielea juu, naye hakuwahesabu. Ripoti ikatangaza kwamba mvua za mwaka ule zimewamaliza wale wadogo, wakubwa wa kituo wakafurahi, na habari hizo zikasomwa mkutanoni. Mwezi Septemba alisahau mrija mmoja mezani mpaka kesho yake, na wale waliotangazwa kwamba wamekwisha akawakuta wamejaa chini ya kioo. Alipiga mstari mwekundu kwenye hesabu za miezi mitano, akaandika pembeni, "Kosa langu," akatia saini. Kisha akazitoa chupa zenye maji yaliyosalia ya miezi hiyo na kuzihesabu upya zote, moja baada ya nyingine. Cheo alichokuwa akikitarajia alipewa mwingine. Nilimwambia wakati ule kwamba amejiharibia. Mimi ndiye niliyekosea, na ninalisema hapa mbele ya watu.

Kosa la pili lilikuwa nyumbani. Tarehe 7 Novemba 2012, binti yake wa kwanza alihitimu uuguzi. Ilikuwa Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mama yake alifika chuoni wakati viti vinakunjwa, viatu vina tope. Hilo si sifa, na yeye mwenyewe hakulifanya sifa. Alimwomba binti yake radhi, na hakumwambia kwamba kazi ndiyo iliyomlazimisha. Alimwambia, "Nilichagua, nikachagua vibaya." Binti alichukua muda mrefu kusamehe. Alikuwa na haki.

Wapo pia waliomlaumu bila haki. Kiangazi cha mwaka 2009, hesabu ya wale wenye mikia ilipanda mara kumi ndani ya mwezi mmoja, na miongoni mwao alikuwepo wa aina ambayo chaza wakimla, nyama yao huwa sumu. Dada alipeleka daftari kwa ofisi inayohusika, na uvunaji wa chaza ukasimamishwa wiki tatu. Kina mama wa chaza walimjia nyumbani wamejifunga vibwebwe. Kiongozi wao, ambaye tunamwita Bi Kikapu na amekaa pale mstari wa mbele, alisimama mlangoni.

"Wewe Mama Chupa, umetuletea ugonjwa na hiyo hadubini yako!"

"Sikuuleta, mwenzangu. Nimeuhesabu tu."

"Kwa hiyo tule hesabu?"

"Njoo uone, halafu unitukane vizuri."

Bi Kikapu alikwenda. Aliinama juu ya hadubini dakika nyingi, akainuka, akasema, "Kumbe wanakimbia hivi?" Tangu siku hiyo, kila kiangazi, kina mama wa chaza walikuwa wa kwanza kupita maabara kuuliza, "Wenye mikia wameamka?" kabla hawajaingia majini. Miaka kumi na mitano imepita na hakuna mtu wa ziwa hili aliyelazwa kwa kula chaza. Hiyo ndiyo faida ya kuhesabu vitu visivyoonekana, kwa wale walioniuliza jana ilikuwa na faida gani.

Alistaafu tarehe 4 Machi 2017. Kwa hesabu za mama alitangulia siku mbili. Kituo hakikuajiri mtu wa kushika nafasi yake. Aliendelea kwenda kwa kujitolea, akibisha hodi kila mara kama mgeni, ingawa kila ufunguo aliujua.

Mwezi Oktoba mwaka 2022 madaktari walisema moyo wake umepanuka. Alikatazwa mashua, ngazi na kubeba. Hapo ndipo tulipomwona, kwa mara ya kwanza, akiwa na hofu. Hakuogopa kufa. Aliogopa daftari lisije likaishia mwandiko wake. Alituambia wazi kwamba miaka arobaini ya zamu za ziwa inaweza kuonyesha kama ziwa linapona au linaumwa, lakini iwapo tu atakuwepo wa kuongeza mstari unaofuata. Alimwuliza kila mtoto. Kila mmoja alikuwa na kazi yake na sababu ya kweli. Aliniuliza na mimi. Nilisema macho yangu ni mabovu, na hilo nalo ni kweli.

Shemeji hakuulizwa. Alijitokeza mwenyewe, na miaka yake sitini na minane, akasema, "Mimi nina deni la Februari."

Mwezi Januari 2023 kituo kiliwaazima hadubini kwa barua yenye mhuri, ikawekwa kwenye meza kando ya kitanda. Chumba kile chenye dirisha la ua kikawa darasa. Yeye amelala kwenye mito mitatu, mzee wa watu ameinama na miwani imepandishwa kwenye paji.

"Unaona nini?"

"Naona elbo."

"Elbo ni kona ya bomba. Ina mistari?"

"Ina mistari. Na kando yake ipo springi."

"Haiitwi springi."

"Lakini ni springi, mwalimu. Njoo uone."

Mwishowe dada alisalimu amri. Tangu mstari wa 498, daftari lina jina la kitaalamu kwa mwandiko wake, na pembeni yake, kwa mwandiko mwingine: "kama elbo," "kama springi," "kama nati iliyokatika." Kila mwezi wote wawili walihesabu tone lile lile bila kuonyeshana, kisha wakalinganisha. Mwaka wa kwanza hesabu zilitofautiana vibaya, naye hakumwonea huruma hata kidogo. Alimrudisha mwanzo mara nne kwa asubuhi moja. Mwezi Machi mwaka huu, mstari wa 512, walipishana vijimea sita kati ya mia nne. Aliweka kalamu chini akasema, "Umenifikia, fundi." Shemeji alitoka kwenda uani, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alidai ni iodini.

Wiki iliyopita hali ilibadilika akalazwa. Ijumaa aliuliza, "Jumatano ni tarehe ngapi?" Binti yake muuguzi akamjibu, "Tarehe tano, mama." Akauliza, "Fundi anajua?" Akaambiwa anajua. Hakuuliza jambo jingine. Alifariki Jumamosi, tarehe 1 Juni 2024, saa kumi na moja jioni, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sitini na saba.

Wengi mmelalamika kwamba mazishi yamesogezwa kutoka asubuhi hadi saa nane mchana, na wanaotoka mbali wana safari ya kurudi. Mnastahili kujua sababu.

Jumapili tulikaa kikao sebuleni. Ndugu wa mbali walikuwa wakifika Jumanne, kwa hiyo mazishi yakapangwa Jumatano saa tatu asubuhi. Shemeji aliangalia viganja vyake. Hakuna aliyekumbuka Jumatano ni siku gani, isipokuwa yeye, na binti yake wa kwanza aliyekuwa akimtazama. Binti akatukumbusha. Mjomba wake, yaani kaka yetu mkubwa, kwa nia njema, akasema, "Maji yapo tu, hayakimbii. Tekeni Alhamisi, mwandike Jumatano. Nani atajua?"

Binti akasimama. Alisema, "Mjomba, shikamoo. Mama alikosa mahafali yangu kwa ajili ya Jumatano moja. Nililia mwaka mzima. Leo tukiandika uongo kwenye daftari lile, basi nililia bure."

 Mjomba aliangalia dari, kisha akasema, "Saa nane basi. Na mashua ina mafuta?" Jana ndiye aliyezunguka mjini kuyatafuta.

Leo, Jumatano, tarehe 5 Juni 2024, saa moja na nusu asubuhi, shemeji na binti yake walikuwa kwenye nguzo ya tatu. Mlango wa ziwa uko wazi. Maji yana rangi ya chai ya maziwa, na chumvi imeshuka. Chupa imefungwa, imetiwa iodini, na karatasi yake imeandikwa kwa penseli. Wamekuja hapa moja kwa moja, kwa hiyo mkiona viatu vyao vina tope, msiwashangae. Idadi ya vijimea bado haijulikani. Maji lazima yatulie siku nzima na usiku wake. Fundi atahesabu kesho kutwa asubuhi, na mpaka hapo nafasi hiyo inabaki wazi. Mkuu wa kituo, ambaye yuko nasi, ameleta barua kwamba kuanzia mwezi ujao fundi atatambuliwa rasmi kuwa mhesabu wa ziwa, na kwamba atafundisha watu wawili. Tunashukuru. Barua tumeitunza.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, kaka mmoja na sisi wadogo zake wawili. Ameacha daftari moja lenye mistari 514, mmoja kati ya hiyo ukiwa hauna hesabu na mitano ikiwa na alama nyekundu na saini yake. Mstari wa 515 umeanza leo, kwa mkono wa yule aliyemwaga wa 31.

Dada, maji yamechukuliwa. Sasa tulia.